Mwanasesere Aliyegeuka Sanamu

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilimtoa sokoni askari wa plastiki aliyeitwa G.I. Joe, mwenye kimo cha sentimita 30 hivi, aliyevishwa nguo za kitambaa na kutiwa viungo vya kukunjika kila mahali mwilini. Kwa kila kipimo alikuwa ni mwanasesere. Miaka mitano kabla yake kampuni ya Mattel ilikuwa imekwisha kumtoa Barbie, na mafanikio ya Barbie yaliwafundisha wafanyabiashara wenzake kwamba faida haimo katika mwili wa mwanasesere peke yake, bali katika nguo na zana atakazonunuliwa baadaye. Lakini palikuwa na kikwazo. Iliaminika kwamba hakuna mzazi ambaye angemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Basi jina likabadilishwa na kitu kikabaki vile vile: likabuniwa neno jipya la Kiingereza lenye maana ya umbo la vitendo, nalo ndilo linalotumika mpaka leo kwa kila shujaa wa plastiki, awe ametokana na sinema, hadithi za picha au katuni za televisheni.

Mzozo huo wa majina haukuishia dukani. Mwaka 2003 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ilitakiwa kuamua iwapo wanasesere wa kundi la X-Men, waliokuwa wakiingizwa nchini humo na kampuni ya Toy Biz, wahesabiwe kuwa ni wanasesere, ambao ushuru wao ulikuwa asilimia 12, ama ni vitu vya kuchezea vya namna nyingine, ambavyo ushuru wao ulikuwa asilimia 6.8. Kwa sheria ya forodha ya wakati ule, mwanasesere ni mfano wa binadamu. Kampuni ikadai kwamba X-Men si binadamu, na ikashinda. Wasomaji wa hadithi hizo walilipokea jambo hilo kwa kicheko na uchungu, kwani kiini cha X-Men tangu mwanzo ni watu wanaobaguliwa na wanaotaka watambuliwe kuwa ni binadamu kama wengine. Ubinadamu wao ukauzwa kwa tofauti ya ushuru.

Kiswahili kina maneno yake ya kulitazamia jambo hili, na maneno hayo yanasaidia zaidi kuliko lile lililobuniwa na wauzaji. Mwanasesere ni kitu cha mkono wa mtoto; jina lenyewe limebeba neno mwana. Sanamu ni kitu cha macho. Huwekwa mahali pake ikatazamwa, na anayeigusa huonywa. Kinyago ni kitu cha aliyekichonga. Ndiyo maana husemwa kwamba kinyago ukichonge mwenyewe hakiwezi kukutisha. Historia ya ukusanyaji wa mashujaa wa katuni za miaka ya 1980 yaweza kuelezwa kwa maneno haya matatu. Ni historia ya mwanasesere aliyegeuzwa sanamu, na ya watu wazima wanaobabaishwa na kinyago ambacho, kwa sehemu kubwa, walikichonga wenyewe utotoni.

Uhakiki wa vitu hivi umekwisha kuwa utanzu wenye kanuni zake. Jarida la ToyFare, lililochapishwa Marekani kuanzia mwaka 1997 hadi 2011, lilikuwa miongoni mwa majukwaa yaliyoujenga, na tangu hapo wakusanyaji wenyewe wameuendeleza kwa bidii isiyo na malipo. Mpangilio wake unajulikana. Mhakiki huanza na boksi, akaeleza picha na maandishi yake, akaja kwenye umbo, yaani namna uso, misuli na mavazi yalivyochongwa, akafuata rangi, iwapo imekaa ndani ya mipaka yake ama imevuka, kisha viungo, ambavyo huvihesabu kimoja kimoja, shingo, bega, kiwiko, kifundo, kiuno, goti, kisha silaha na zana, kisha bei, na mwishowe hutoa alama. Katika mpango huo mna nidhamu ya kuangalia ambayo wahakiki wengi wa sanaa zilizotukuka wangeweza kuihusudu. Mtu anayeweza kueleza kwa nini bega la mwanasesere mmoja linainuka bila ya kuvunja mstari wa kifua, na la mwengine haliwezi, ameangalia kitu kwa makini ya fundi.

Hata hivyo, msomaji aliyelelewa katika mijadala ya ushairi wa Kiswahili atautambua mara moja upungufu wa uhakiki huo. Ni uhakiki wa fani usiofika kwenye maudhui. Kama yule ambaye akipewa shairi huhesabu mizani, akakagua vina, akatangaza kwamba shairi limetimia, bila ya kuuliza shairi limesema nini, ndivyo naye mhesabu viungo anavyotangaza kwamba mwanasesere ametimia. Mizani si jambo la kudharauliwa. Shairi lililovunjika mizani bila ya sababu humkwaza msomaji, na goti lisilokunjika humkwaza anayechezea. Lakini pana neno moja linalorudiwa katika tahakiki hizi kuliko yote, nalo ni uaminifu. Mwanasesere husifiwa kwa kuwa mwaminifu kwa asili yake. Swali ambalo halina budi kuulizwa ni hili: asili ipi?

Mfano ulio wazi zaidi ni He-Man wa Masters of the Universe. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Mattel iliikataa fursa ya kutengeneza wanasesere wa sinema ya Star Wars, na kampuni ya Kenner ikaipokea. Mwisho wa mwaka 1977 hamu ya watoto ilikuwa kubwa hata Kenner, ambayo haikuwa tayari, iliuza pakiti za karatasi ngumu zisizokuwa na mwanasesere ndani yake, bali hati ya ahadi kwamba wataletwa mwaka unaofuata. Mattel iliporudi katika uwanja huo ilikuja na mali yake yenyewe. Mwaka 1982 ikamtoa He-Man, mwenye kimo cha sentimita 14 hivi, kifua kipana na magoti yasiyokunjika, aliyetiwa springi kiunoni ili akizungushwa na kuachiwa apige ngumi. Viungo vyake vilikuwa sita tu. Miguu yake ilishikwa kwa mpira ndani ya nyonga. Ili kupunguza gharama, kalibu moja ya kifua ilitumika kwa mashujaa kadhaa, na hata chui wake wa kijani, Battle Cat, alitoka katika kalibu ya chui wa mwanasesere mwengine wa Mattel aliyeitwa Big Jim, aliyekuwa mkubwa zaidi kimo. Ndipo chui huyo alipoonekana mkubwa kiasi cha kupandwa.

He-Man huyo wa kwanza hakuwa na katuni. Alikuja na kijitabu kidogo cha hadithi ndani ya pakiti yake, na katika vijitabu vya mwanzo alikuwa mtu wa porini aliyeacha kabila lake kwenda kulinda ngome. Hakuwa na utambulisho wa siri. Upanga wake ulikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa adui yake, Skeletor, na ni pale tu nusu mbili zilipounganishwa ndipo zilipokuwa ufunguo wa Castle Grayskull. Wazo hilo lilikuwa zuri kuliko mengi yaliyofuata, kwa sababu lilikuwa wazo la kuchezea: plastiki yenyewe ilikuwa na pengo ambalo mchezo ulitakiwa kuliziba, na mtoto mwenye He-Man peke yake alilazimika kumtafuta mwenzake mwenye Skeletor.

Katuni ilikuja Septemba 1983, ikatengenezwa na kampuni ya Filmation. Ilikuwa na sehemu 130 kwa jumla, michoro yake ikirudiwa rudiwa ili kuokoa fedha kama kalibu za kiwandani zilivyorudiwa. Humo He-Man akawa Mwanamfalme Adam anayejificha kwa woga wa kujifanya, upanga ukawa mzima, na mtu mwenye nguvu kuliko wote ulimwenguni akazuiliwa kumpiga mtu ngumi, kwa kuwa masharti ya vipindi vya watoto hayakuruhusu. Kila sehemu ilimalizika kwa nasaha ya maadili. Basi tangu mwaka wa pili wa uhai wake He-Man alikuwa na asili mbili zisizokubaliana: ya plastiki, ambaye aliumbwa kwa ajili ya kupiga ngumi, na ya kioo cha televisheni, ambaye hapigi mtu.

Jambo la kuzingatiwa ni mpangilio wa kuzaliwa kwao. Kwa kawaida mtu hufikiri kwamba katuni ndiyo asili na mwanasesere ndiye kivuli. Hapa kivuli ndiye aliyetangulia. Mwaka 1969 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikuwa imepokea malalamiko kuhusu katuni ya magari madogo ya Hot Wheels, ikavitaka vituo vihesabu sehemu ya kipindi kuwa ni muda wa matangazo. Katika utawala wa Rais Reagan ulinzi huo ulilegezwa, na mwaka 1984 mipaka ya muda wa matangazo iliondolewa. Bunge lilirudisha baadhi ya mipaka kwa sheria ya mwaka 1990, iliyoweka dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto vya mwisho wa wiki na dakika 12 katika siku nyengine. Katika pengo hilo la miaka ndipo vilipositawi vipindi ambavyo kila mhusika alikuwa na bei. Kumbukumbu ambayo wakusanyaji wa leo wanaililia ilitungwa, kwa sehemu yake kubwa, katika vyumba vya mauzo.

Hakuna tukio linalolidhihirisha hilo kuliko kifo cha Optimus Prime. Wanasesere wa Transformers walikuwa ni bidhaa za kampuni ya Takara ya Japani, zilizouzwa huko kwa majina mengine; Hasbro ilizinunulia haki, ikaziingiza Marekani mwaka 1984, na waandishi wa Marvel wakazitungia majina, tabia na vita. Mwaka 1986 ilitoka sinema ya katuni ya kundi hilo, na ndani yake kiongozi wa wema akafa mapema, rangi zikimtoka mwilini hata akawa kijivu. Watoto walilia ndani ya kumbi za sinema. Sababu ya kifo hicho haikuwa ya kitanzia. Wanasesere wa mwaka 1984 walikuwa wakiondolewa madukani na wapya walitakiwa wachukue nafasi zao. Aliyekwisha katika orodha ya bidhaa alilazimika kufa katika hadithi. Kilio cha watoto hakikuwamo katika hesabu, na mwaka 1987 Prime akafufuliwa katika televisheni.

Hapa ndipo penye ubishi wenye uzito. Mtu anaweza kusema: kama mapenzi hayo yalipandwa na muuzaji, basi hamu ya leo si hamu ya kweli, ni deni la matangazo linaloendelea kulipwa miaka arobaini baadaye. Roland Barthes alikwisha kuitia shaka dunia ya vitu vya kuchezea katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu visasili vya maisha ya kila siku. Aliona kwamba vitu hivyo humwandaa mtoto awe mwenye mali na mtumiaji, si muumbaji, na aliihuzunikia miti iliyokuwa ikiondoka na nafasi yake kuchukuliwa na plastiki. Kwa mtazamo huo, He-Man ni ushahidi kamili wa mashtaka.

Lakini machozi ya mwaka 1986 yanaukanusha upande mmoja wa mashtaka hayo. Muuzaji alikusudia mtoto abadilishe mwanasesere kama anavyobadilisha kiatu. Mtoto akagoma, kwa sababu katikati ya kununua na kubadilisha palikuwa na kitu ambacho muuzaji hakukipanga. Palikuwa na mchezo. Saa nyingi ambazo mwanasesere alikaa mkononi mwa mtoto hazikuandikwa na mtu yeyote. Humo sakafuni He-Man alimpiga mtu ngumi, Skeletor alishinda, adui walioana kwa amani, na askari wa kampuni moja alipigana na roboti wa kampuni nyengine bila ya kujali haki za mali za upande wowote. Walter Benjamin, katika maandishi yake ya mwaka 1928 kuhusu historia ya vitu vya kuchezea, aliligusa jambo hili kwa ukali: kadiri kitu kinavyozidi kuiga, ndivyo kinavyozidi kujitenga na mchezo ulio hai. Mtoto hahitaji kitu kinachofanana. Anahitaji kitu kinachokubali.

Kwa kipimo hicho ndipo matoleo mapya yanapaswa kuhakikiwa. Mwaka 2002 Mattel ilimfufua He-Man kwa umbo jipya lililochongwa na wasanii wa Four Horsemen, pamoja na katuni mpya iliyodumu hadi 2004. Wanasesere hao walikuwa na mistari mikali na mikunjo ya nguo isiyokuwapo zamani, lakini wengi wao walifungwa katika pozi moja. Walipendeza machoni na wakachosha mkononi. Mwaka 2008 ndipo lilipoanza toleo la Classics, la wasanii hao hao, lenye kimo cha sentimita 18 hivi, viungo vingi, na kila mhusika akiandikiwa wasifu nyuma ya pakiti yake. Halikuuzwa katika maduka ya kawaida ya watoto. Liliuzwa kwa mtandao, moja kwa moja kwa watu wazima, kwa dola 20 kwa kila mmoja hapo mwanzo, na baadaye pia kwa usajili wa mwaka mzima ambao mnunuzi aliahidi kulipia hata kabla ya kuwaona wote atakaoletewa. Hati ya ahadi ya mwaka 1977 ilikuwa imerudi, safari hii ikiuzwa kwa wazee wa watoto wale.

Kwa fani, Classics ni kilele. Uso wa Skeletor wa toleo hilo una kina cha rangi ambacho yule wa 1982 hakukikaribia. Na kwa kweli toleo hilo lilifanya kazi moja ya heshima: liliwakusanya pamoja wahusika wa vijitabu, wa katuni, wa sinema na hata wale waliochorwa kiwandani wasitengenezwe kamwe, likawapa kimo kimoja na lugha moja ya umbo, kama mhariri anayekusanya diwani ya mshairi kutoka miswada iliyotawanyika. Lakini ni diwani iliyohaririwa kwa ajili ya rafu. Hakuna mtoto aliyefikiriwa. Hata nusu ya upanga, pale ilipotokea, ilitokea kama kumbukumbu ya nusu ya upanga.

Upande wa Transformers njia ilikuwa hiyo hiyo. Takara, ambayo mwaka 2006 iliungana na Tomy, ilianza mwaka 2003 toleo la Masterpiece kwa kumtengeneza upya Optimus Prime, mkubwa, mzito kwa vipande vya chuma. Alitengenezwa tena mwaka 2011 na tena 2019, na kila mara wahandisi walizidi kuusogelea mchoro wa katuni. Hapa pana kinaya ambacho tahakiki nyingi zimekipita bila ya kukiona. Mchoro wa katuni ulikuwa ni urahisishaji wa mwanasesere: mistari ilipunguzwa ili mchoraji aweze kuirudia mara maelfu. Basi mwanasesere wa 2019 ni mfano wa mchoro uliokuwa mfano wa mwanasesere. Ufundi mkubwa umetumika, vipande vingi vikikunjwa ndani ya vipande, ili kuufikia wepesi ambao asili yake ilikuwa ni uchumi wa wino. Aliyenunua amepata kile alichokitazama. Alichokishika kimepotea njiani.

Toleo linalostahili kutazamwa upya na wahakiki ni lile ambalo baadhi yao walilipokea kwa baridi, yaani Origins, lililofika madukani mwaka 2020. Kimo chake ni kile kile cha 1982, sentimita 14. Uso ni wa kawaida, rangi ni chache, na kwa mpimaji wa fani anashindwa na Classics karibu katika kila kifungu. Lakini viungo vyake ni 16, magoti yanakunjika, na mwili wake hufunguka: kichwa, mikono, miguu na kiuno huchomolewa na kuunganishwa na vya mwengine, hata mtoto akaweza kumpa He-Man mikono ya adui yake. Liliuzwa katika maduka ya kawaida, mtoto aweze kuliona na mzazi aweze kulimudu. Wakusanyaji walisema ni mwaminifu kwa mwanasesere wa zamani. Usemi huo si sahihi, kwa sababu wa zamani hakukunjika hivyo. Origins ni mwaminifu kwa kitu kingine: kwa vile mtoto alivyodhani kwamba mwanasesere wake anaweza kufanya. Hilo ni jambo gumu zaidi kulichonga kuliko misuli.

Swali la mkono na macho linafika ukingoni mwake katika desturi ya kutofungua boksi. Mwanasesere wa zamani aliyebaki ndani ya pakiti yake huwa na thamani mara nyingi ya yule aliyechezewa, na huko Marekani pana kampuni, Action Figure Authority, ambayo huwakagua, huwapa alama zinazofika hadi 100, na kuwafunga ndani ya sanduku gumu la plastiki angavu ili wasiguswe tena. Hapo mageuzi yametimia: sheria ya sanamu imekamilika. Baudelaire, aliyeandika mwaka 1853 kuhusu falsafa ya vitu vya kuchezea, alimsema mtoto anayekivunja kitu chake kwa hamu ya kuiona roho iliyomo ndani. Mwenye kufunga sanduku ameiondoa hamu hiyo. Alama imechukua nafasi ya roho.

Plastiki, hata hivyo, haiheshimu alama. Mipira iliyoshika miguu ya mashujaa wa 1982 hulegea na kukatika kwa umri tu. Plastiki nyeupe hugeuka njano. Baadhi ya Transformers za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zilizotengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na chembe za rangi ya dhahabu, huvunjika vipande kwa kuguswa kidogo, na hata zile ambazo hazikupata kutolewa ndani ya boksi hazisalimiki. Ni fundisho kali kwa mwenye kuhodhi: aliyechezewa amechakaa akiwa amefanya kazi yake, na aliyehifadhiwa amechakaa bure. Rangi iliyobanduka puani mwa He-Man mzee, ambayo mhakiki huiandika kama dosari, ni ushahidi pekee uliobaki wa saa zile ambazo hazikuandikwa. Ni maudhui yake.

Hii haimaanishi kwamba mkusanyaji ni mtu wa kubezwa. Benjamin huyo huyo alikuwa mkusanyaji wa vitabu, na katika insha yake ya mwaka 1931 aliuonyesha uhusiano wa mkusanyaji na kitu chake kuwa ni wa ndani kuliko uhusiano wa matumizi. Kuna ukarimu katika kuwatafuta wahusika waliosahauliwa, kuwatengenezea mpira uliokatika, kuwaandikia historia ambayo kampuni zenyewe hazikuitunza. Hatari haipo katika kukusanya. Ipo katika kuamini kwamba kilichokusanywa ni utoto wenyewe, na kwamba mwenye boksi ndiye mwenye hadithi.

Hatari hiyo ilionekana waziwazi mwezi Julai 2021, ilipotoka katika Netflix katuni ya Masters of the Universe: Revelation, iliyosimamiwa na Kevin Smith. Katika sehemu ya kwanza He-Man aliuawa, na hadithi ikamfuata Teela. Wengi wa mashabiki wa zamani walighadhibika kama walioibiwa. Katuni ile ina dosari zake, na mhakiki ana haki ya kuzitaja. Lakini ghadhabu haikuwa ya dosari. Ilikuwa ya umiliki. Watu ambao walipokuwa na umri wa miaka saba walimuua na kumfufua He-Man mara kumi kwa siku bila ya kumwomba mtu ruhusa walikuwa sasa wanadai kwamba asiguswe. Kinyago walichokichonga wenyewe kilikuwa kimewatisha.

Kwa bahati njema, utanzu huu umekwisha kutoa pia tiba yake. Ndani ya ToyFare yenyewe, kurasa chache tu kutoka zile za kuhesabu viungo, palikuwa na hadithi za picha zilizotengenezwa kwa kuwapiga picha wanasesere wa zamani katika vituko vya dhihaka, wahusika wa mali mbalimbali wakichanganywa kama walivyochanganywa sakafuni. Mmoja wa waliofanya kazi katika jarida hilo, Matthew Senreich, alianzisha pamoja na mwigizaji Seth Green kipindi cha Robot Chicken mwaka 2005, ambacho kiliwapa wanasesere hao mwendo. Vichekesho vyake mara nyingi ni vya ukali na si kila kimoja kinastahili kukumbukwa. Ila wanasesere walitolewa ndani ya boksi, wakavunjwa kanuni zao, wakasemeshwa maneno ambayo hakuna idara ya mauzo ingeyaidhinisha. Huo nao ulikuwa uhakiki, na ulifika kwenye maudhui kuliko alama yoyote iliyowahi kutolewa.

Wahakiki wa wanasesere hawahitaji kuacha kuhesabu viungo. Wanahitaji kuongeza kifungu kimoja katika mpango wao, baada ya rangi na kabla ya bei: kitu hiki kinamruhusu anayekishika afanye nini ambacho hadithi haikumwambia afanye? Kwa swali hilo Skeletor wa dola nyingi anaweza kupata alama ndogo, na He-Man mwenye pua iliyobanduka, aliyelegea miguu, akapata kubwa. Na mkusanyaji atakayelijibu kwa uaminifu huenda akajikuta amefungua boksi moja, si lazima lile la thamani kuliko yote, akampa mtoto aliye karibu, kisha akakaa kando asimfundishe jinsi ya kucheza.